Kutafuta uvujaji wa oili kwenye Corolla 110: anza juu, usianze chini

Mwenye Corolla 110 akifika gereji na kueleza kwamba gari lake linaacha doa la oili kila linapoegeshwa, mara nyingi fundi huinama, humulika pale injini inapoungana na gia boksi, huona tone linaning'inia, kisha hutoa hukumu: sili ya nyuma ya krankshafti (mpira unaozuia oili isitoke mwishoni mwa shafti kuu ya injini) imekwisha, gia boksi ishushwe. Hukumu hiyo huwa ya kweli wakati mwingine, na ndiyo maana inaaminika. Hata hivyo, kwa injini ya 5A-FE iliyomo katika magari mengi ya aina hii, naiona kuwa hukumu inayotolewa kwa haraka kuliko zote, nayo ndiyo ghali kuliko zote, kwa sababu ipo sehemu nyingine, ndogo na rahisi kufikiwa, ambayo ikivuja hudondosha oili mahali palepale. Nitaifikia sehemu hiyo baada ya kueleza namna ninavyochunguza, maana bila uchunguzi hata fundi hodari hubaki akikisia kwa fedha za mwenye gari.

Corolla za kizazi hiki zilitengenezwa Japani kuanzia 1995 hadi 2000, kwa hiyo hata ile changa kuliko zote imekwisha kutimiza robo karne. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,498, yenye silinda 4, valvu 16 na kamshafti mbili (shafti zinazofungua valvu), ni ngumu kufa, na hilo ndilo lililoifanya ibaki katika barabara za Dar es Salaam na Nairobi hadi leo. Ila vyuma vyake vimedumu kuliko mipira yake. Gasketi za mpira, sili na oringi (pete za mpira) hazizeeki kwa kilomita peke yake. Joto la injini huupika mpira, oili huuondolea ulaini kidogo kidogo, na miaka huufanya mgumu hata kama gari lilikuwa limeegeshwa tu chini ya mwembe. Gasketi mpya ya kifuniko cha valvu ukiikunja hurudi katika umbo lake. Ile iliyokaa miaka 20 ukiikunja hukatika vipande mkononi. Ndiyo sababu mtu hapaswi kushangaa gari "la kilomita chache" linapovuja kuliko teksi ya jirani iliyozunguka mji kila siku na kufunguliwa mara kwa mara.

Kabla ya kutafuta mahali, ni lazima kuthibitisha kinachovuja. Laza kipande kikubwa cha boksi safi chini ya gari jioni, kianzie kwenye bampa na kufika nyuma ya tairi za mbele, chora juu yake mahali tairi zilipo, na asubuhi utazame rangi, harufu na nafasi ya madoa. Oili ya injini iliyokwisha kutumika huwa ya kahawia au nyeusi. Mafuta ya gia boksi ya otomatiki na ya usukani wa pawa huwa mekundu yakiwa mapya, lakini yakizeeka hugeuka kahawia, hivyo rangi peke yake hudanganya, na inafaa kulinganisha doa na kile kilichoko kwenye dipstiki ya gia boksi. Oili ya gia boksi ya mkono ni nzito zaidi na ina harufu ya salfa ambayo mtu akiinusa mara moja hataisahau. Maji matupu yanayodondoka upande wa abiria ni ya kiyoyozi, nayo hayana ubaya wowote. Nafasi ya doa nayo ni ushahidi: katika gari hili mkanda wa taimingi na puli ziko upande wa kulia, chini ya upande wa dereva, na gia boksi iko kushoto, kwa hiyo doa la kulia na doa la kushoto ni mashtaka mawili tofauti.

Pima pia kiwango cha oili kwa dipstiki asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na kabla ya kuliwasha. Kama kiwango kinashuka kwa kasi ilhali boksi lina madoa machache tu, sehemu kubwa ya oili inaungua ndani ya injini. Moshi wa buluu unaotoka gari linapowashwa asubuhi kisha ukapotea huelekeza kwenye sili za valvu. Ule unaotoka unapokanyaga mafuta kwa nguvu huelekeza kwenye ringi za pistoni. Hayo ni maradhi mengine, na hakuna gasketi ya nje itakayoyatibu.

Hatua inayorukwa na wengi ni kuosha injini. Injini iliyovikwa tope la oili na vumbi la miaka haiwezi kuchunguzwa, kwa kuwa kila mahali huonekana panavuja, na kila fundi atachagua pale anapopapenda. Mimi hutumia sabuni ya kuondolea grisi, au dizeli kidogo na brashi ikifuatwa na sabuni ya kawaida, injini ikiwa ya vuguvugu na si ya moto, kisha husuuza kwa maji yanayotiririka polepole. Petroli isitumike, hata kama ndiyo inayotumika katika gereji nyingi, kwa sababu mvuke wake huwaka kwa cheche moja tu. Kwa hali yoyote, waya wa hasi wa betri uondolewe kwanza. Mashine ya presha ya vituo vya kuoshea magari nayo siipendi kwa kazi hii, maana husukuma maji ndani ya viungio vya umeme na kwenye visima vya plagi (mashimo zilimo plagi), na mwenye gari akaondoka na tatizo ambalo hakuja nalo. Distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwenye plagi), alternata na mdomo wa kisafisha hewa vifunikwe kwa nailoni. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania mwezi Juni 2019, mimi hutunza vifungashio vya mkate kwa ajili hii, na kimoja hutosha kabisa kuifunika distributa.

Baada ya kuosha, gari likauke, kisha liendeshwe bila kurekebishwa chochote. Safari ya kwanza iwe fupi, ya kupasha injini joto hadi feni iwake, halafu utazame kwa tochi na kioo kidogo cha mkononi. Ya pili iwe ndefu kidogo, na utazame tena. Oili hutii mambo mawili: uzito wake huivuta chini, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma. Tone linaloning'inia kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, laweza kuwa limesafiri kutoka kwenye kifuniko cha valvu, likashuka ukutani mwa bloku, likafuata ukingo wa sampu na kuachia pale palipo chini kuliko pote. Kwa hiyo ninatafuta mahali pa juu kabisa palipolowa, na kati ya mahali pa juu palipolowa, pale palipo mbele zaidi; na sikubali kitu chochote cha chini kibadilishwe maadamu juu yake kuna ulowevu ambao haujapata maelezo.

Kama ulowevu ni mdogo mno kuonekana, poda ya watoto husaidia sana. Nyunyiza juu ya chuma kikavu na kisafi, endesha kidogo, na njia ya oili itajichora yenyewe katika weupe wa poda. Wapo pia wanaotia ndani ya oili rangi maalumu inayong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno. Njia hiyo ni nzuri hasa kwa uvujaji wa polepole ulio nyuma ya injini, na vile vitochi vya kukagulia noti bandia vinaweza kutosha iwapo uchunguzi unafanywa usiku.

Kabla ya kununua gasketi hata moja, ikaguliwe valvu ya PCV, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndicho kifaa kinachosahauliwa kuliko vyote katika mkasa mzima. Kila pistoni inaposukumwa na mlipuko, sehemu ndogo ya gesi hupenya kando ya ringi na kuingia kwenye sampu. Gesi hiyo ni lazima ipate pa kutokea. Njia yake ni valvu ndogo iliyochomekwa juu ya kifuniko cha valvu, iliyounganishwa kwa mpira na manifoldi ya kuingizia hewa, ili injini inyonye gesi hiyo na kuiunguza. Valvu hiyo ikiziba kwa utando wa oili iliyoungua, au mpira wake ukibonyea kwa uzee, presha hujijenga ndani ya injini na kutafuta pa kutokea: mdomo wa sili uliochoka, kona ya gasketi, shimo la dipstiki. Katika hali hiyo, kubadilisha gasketi ya juu ni kuuhamisha uvujaji tu, na wiki chache baadaye mwenye gari atarudi akilalamikia sili ya mbele ambayo mwanzoni ilikuwa kavu.

Kuikagua ni kazi ya dakika chache. Injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa mafuta, ichomoe valvu kutoka kwenye kifuniko huku mpira wake ukiwa bado umeunganishwa, na uweke kidole kwenye mdomo wake: unapaswa kuhisi mvuto, na mlio wa injini hubadilika kidogo. Zima gari, itoe kabisa, uitikise karibu na sikio. Iliyo nzima husikika ikigonga ndani, na iliyonyamaza imeganda. Ukaguliwe pia mpira wa pili unaotoka kwenye kifuniko kwenda kwenye bomba la kisafisha hewa, maana huo nao huziba. Mwisho, fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa imewashwa na ukilaze tu juu ya tundu. Kikitikisika kidogo, hakuna la kuogopa. Kikirukaruka huku moshi ukitoka kwa mapigo, gesi inayopita kwenye ringi ni nyingi kuliko uwezo wa valvu yoyote, na mwenye gari anapaswa kuambiwa waziwazi kwamba gasketi mpya zitapunguza uchafu ila hazitaumaliza. Papo hapo itazamwe dipstiki: oili iliyojazwa kupita alama ya juu huongeza povu na presha, na nimeona magari yakitibiwa uvujaji ilhali kilichohitajika kilikuwa kupunguza oili iliyomiminwa bila kupimwa.

Sasa kifuniko cha valvu chenyewe, ambacho gereji zetu hukiita tapeti kava. Kwa kuwa kiko juu ya vyote, kikivuja hupaka oili sehemu zote zilizo chini yake na kuzishtaki zisizo na hatia. Dalili zake hutegemea upande. Upande wa manifoldi ya eksozi, oili hudondokea chuma chenye joto kali, hivyo chini hutaona doa lolote, bali utasikia harufu ya oili inayoungua kila unaposimama kwenye foleni, na pengine uzi wa moshi mwepesi kando ya boneti. Uvujaji wa namna hiyo sifanyi nao mzaha, kwa sababu oili juu ya eksozi yaweza kushika moto. Katikati, kifuniko kina sili za mviringo zinazozunguka visima vya plagi. Zikichoka, oili hujaa ndani ya visima hivyo, huvimbisha kofia za nyaya za plagi, na injini huanza kukosa mlipuko kwenye silinda moja, jambo ambalo huwapeleka watu kununua nyaya na plagi mpya bila kuuliza ule ulowevu umetoka wapi. Ukichomoa waya wa plagi ukakuta ncha yake imelowa oili, jibu umekwisha kulipata. Oili hiyo ifyonzwe kwa kitambaa kabla ya kufungua plagi, la sivyo itamwagikia ndani ya silinda.

Kukifungua kifuniko si kazi ngumu. Ugumu uko katika kukirudisha. Injini iwe imepoa. Gasketi ya zamani itolewe yote, na mfereji wake usafishwe hadi chini, kwani kipande kidogo kilichobaki kitainyanyua gasketi mpya na kuacha upenyo. Uso wa silinda hedi, yaani kichwa cha injini kilicho chini ya kifuniko hicho, upanguswe kwa kitambaa chenye kiyeyusho hadi uwe mkavu, na ukwaruzwe kwa plastiki au mbao, si kwa bisibisi, maana hedi ni ya aluminiamu na mkwaruzo mmoja wa kukatiza ukingo huwa njia ya kudumu ya oili. Silikoni iwekwe kidogo tu mahali ambapo vishikizo vya kamshafti vilivyo mwishoni vinakutana na uso wa hedi, kwa sababu pale pana pembe ambayo gasketi haiwezi kuijaza. Kupaka silikoni gasketi nzima, kama wafanyavyo wengi kwa nia njema, huifanya iteleze na kutoka mahali pake nati zinapokazwa. Washa za mpira zilizo chini ya nati nazo zibadilishwe. Zikiwa zimekauka, nati huonekana zimekaza ilhali kifuniko hakijabanwa. Kisha nati zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, kwa nguvu ya mkono tu. Gasketi hii haihitaji nguvu, na anayeiongezea nguvu ili isivuje huibonyeza hadi itoke nje.

Ile sehemu niliyoitaja mwanzoni ni oringi ya distributa. Katika 5A-FE distributa imefungwa kwenye ncha ya kushoto ya silinda hedi, ikizungushwa na kamshafti, na chini yake moja kwa moja ndipo ilipo gia boksi. Kinachozuia oili ya hedi isitoke kando ya shingo yake ni oringi moja ya mpira. Oringi hiyo ikiwa mpya ni duara kamili na laini. Ikishazeeka hubanwa hadi kuwa bapa, na ukiichokoa kwa msumari hukatika kwa mlio. Oili inayopita hapo hushuka juu ya nyumba ya klachi, hufuata ule mstari wa kiungo kati ya injini na gia boksi, na hatimaye huning'inia chini kabisa, mahali palepale ambapo sili ya nyuma ya krankshafti ingedondosha oili yake. Aliye chini ya gari hawezi kutofautisha tone la oringi na tone la sili. Aliye juu ataweza, akipitisha kidole au kitambaa cheupe chini ya shingo ya distributa na nyuma ya hedi. Kitambaa kikirudi na oili, hakuna sababu ya kuzungumzia gia boksi siku hiyo.

Kuibadilisha kunahitaji uangalifu katika jambo moja tu. Boliti zinazoishikilia distributa hupita kwenye matundu marefu, kwa sababu kuizungusha ndiko kunakobadilisha wakati wa cheche. Kabla ya kulegeza chochote, chora mstari mwembamba kwa kalamu ya kudumu au kwa msumari, kutoka kwenye mwili wa distributa hadi kwenye hedi, na upige picha kwa simu mpangilio wa nyaya. Ichomoe taratibu, vua oringi ya zamani, safisha mfereji wake, paka oili oringi mpya, na urudishe hadi mistari ikutane. Mwenye taa ya kupimia taimingi aunganishe vituo vya TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya boneti, injini ikiwa ya moto na ikinguruma polepole, na arekebishe hadi alama isomeke nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kilele. Oringi ni lazima iwe ya mpira unaostahimili oili na joto. Zile za kwenye mabomba ya maji, hata zikilingana kwa kipimo, huvimba au kukatika mapema, na kazi hurudiwa.

Baada ya hapo vipo vyanzo vidogo vidogo ambavyo havihitaji maelezo marefu. Swichi ya presha ya oili, iliyofungwa kwenye bloku, huanza kuvuja kupitia tundu lake la umeme, nayo hubadilishwa nzima wala haizibwi kwa gundi. Filta ya oili huvuja pale mpira wa filta ya zamani unapobaki umeganda kwenye bloku na mpya ikafungwa juu yake, na uvujaji huo si wa matone, ni wa kumwaga, kwa hiyo anayeona oili nyingi mara tu baada ya sevisi aanzie hapo. Nati ya kumwagia oili ina washa yake, ambayo inapaswa kubadilishwa kila inapofunguliwa. Uzi wa sampu ukishaliwa kwa kukazwa kupita kiasi, suluhisho ni kutengenezewa uzi mpya na fundi wa mashine, si utepe mweupe wa mabomba.

Upande wa kulia, nyuma ya puli kubwa, iko sili ya mbele ya krankshafti, na juu yake iko sili ya kamshafti. Zote mbili ziko ndani ya eneo la mkanda wa taimingi, na hilo ndilo linalozifanya zihitaji kushughulikiwa haraka zaidi kuliko sili ya nyuma, ingawa zinaogopwa kidogo kuliko hiyo. Oili inaulainisha mpira wa mkanda, meno huanza kung'oka, na mkanda ukikatika gari husimama palepale ulipokatikia. Mkanda huu kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000, na mtu mwenye busara hubadilisha sili hizi mbili siku hiyohiyo, kwa kuwa kazi ya kufikia huko imekwisha kulipiwa. Mkanda uliokwisha kulowa oili usipanguswe na kurudishwa.

Kuhusu namna ya kuingiza sili, yapo mambo ambayo fundi mzuri huyafanya bila kuambiwa. Hutazama kwanza shafti yenyewe, kwani mdomo wa sili ya zamani huwa umechimba mfereji mwembamba mahali uliposugua kwa miaka. Sili mpya ikikaa juu ya mfereji huohuo itavuja hata kama ni ya asili. Mara nyingi hutosha kuiingiza pungufu kwa milimita moja hivi, ili mdomo wake usugue chuma ambacho hakijaguswa, mradi sili bado imekaa imara na iko sawa pande zote. Mfereji ukiwa mkubwa, huvalishwa bushi nyembamba ya chuma. Mdomo hupakwa oili kabla ya kuingizwa, upande wenye springi huelekezwa ndani kwenye oili, na sili husukumwa kwa kipande cha bomba chenye kipenyo kinacholingana nayo. Ukimwona mtu anaigonga sili upande mmoja kwa ncha ya bisibisi, muombe apumzike.

Sampu ya injini hii imeunganishwa na bloku kwa silikoni maalumu, wala haina gasketi ya karatasi. Likivuja eneo hilo, jambo la kwanza ni kujiridhisha kwamba oili haikutoka juu, na mara nyingi ilitoka juu. Kama kweli ni sampu, ishushwe, silikoni yote ya zamani ikwanguliwe, mdomo wake uliopinda kwa kukazwa kupita kiasi upigwe taratibu hadi uwe bapa, kisha ipakwe silikoni mpya kwa uzi mwembamba usiokatika, unaopita upande wa ndani wa matundu ya boliti. Wingi wa silikoni hapa una hatari yake. Kile kinachobanwa kuelekea ndani hukauka, hukatika, huelea kwenye oili na kufyonzwa hadi kwenye chujio la pampu. Chujio likiziba, presha ya oili hushuka, na beringi za krankshafti husagika kwa ajili ya doa ambalo lingeweza kuvumiliwa. Silikoni hiyo ipewe pia muda wa kukauka ulioandikwa kwenye chupa yake kabla ya kujaza oili. Fundi anayejaza na kuwasha papo hapo anafanya kazi ya bure.

Ikiwa juu yote ni kukavu, distributa ni kavu, kona ya nyuma ya kifuniko ni kavu, na bado oili inatoka kwenye tundu la chini la nyumba ya klachi, hapo sili ya nyuma inastahili kushtakiwa. Dalili ya ziada katika gari la gia za mkono ni klachi inayoteleza na harufu yake ya kuungua. Hata hapo, inusiwe kwanza, kwa sababu sili ya shafti ya gia boksi nayo hudondoshea ndani ya nyumba hiyohiyo, na ile salfa ndiyo itakayotoa ushahidi. Gia boksi ikishashushwa, isirudishwe kabla ya kubadilisha sili zote mbili pamoja na gasketi ya bamba linaloshikilia sili ya nyuma kwenye bloku, kwani bamba hilo huvuja kwa namna ileile na hufungwa kwa boliti chache tu. Sahani ya klachi iliyokwisha kulowa ibadilishwe; kuisafisha kwa petroli hurefusha maisha yake kwa siku chache na kulazimisha gia boksi ishushwe tena.

Katika ununuzi wa spea, kwa sili na oringi sipendekezi kubana matumizi. Tofauti ya bei kati ya sili ya asili na ya bandia ni ndogo ikilinganishwa na ufundi wa kuifikia, na katika maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, mtu mwenye namba ya chasisi mkononi na sili ya zamani mfukoni huhudumiwa vizuri kuliko anayeuliza tu "sili ya 110". Sili zilizotolewa kwenye injini za mtumba zisinunuliwe kabisa, hata zikionekana laini. Chupa zinazodai kuziba uvujaji kutoka ndani zina kemikali zinazouvimbisha mpira. Kwa sili iliyokauka kidogo zinaweza kupunguza jasho kwa muda, ila gasketi iliyokatika hazitaiunga, na mpira unaovimbishwa mara kwa mara huishia kulegea. Kutumia oili nzito zaidi ni vivyo hivyo: hupunguza mwendo wa uvujaji, huku chanzo kikibaki palepale.

Si kila ulowevu unahitaji spana. Injini ya umri huu ikitoa jasho jembamba ukingoni mwa sampu, lisilofikia kuwa tone, na kiwango cha oili kwenye dipstiki kisiposhuka kati ya sevisi na sevisi, mimi huifuta na kuiacha. Kinachonifanya nichukue hatua mara moja ni oili juu ya eksozi, oili ndani ya eneo la mkanda wa taimingi, oili kwenye klachi, au kiwango kinachoshuka hadi kulazimu kuongeza njiani. Na baada ya ukarabati wowote, injini ioshwe tena na kukaguliwa upya baada ya wiki moja ya matumizi ya kawaida, kwa tochi ileile na kuanzia juu kama mwanzo, kwa sababu injini hizi mara nyingi huwa na uvujaji zaidi ya mmoja, na ule mkubwa ukishazibwa ndipo ule mdogo unapopata nafasi ya kuonekana.